Idi, kuhusu ile filamu uliyoniulizia

Idi mwanangu, sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili ndani ya treni. Umeangalia La Haine, filamu ya Mathieu Kassovitz ya 1995, ukaona maghorofa, moto na polisi, sasa unauliza: "Shangazi, Ufaransa ndiyo hiyo? Na kama ndiyo hiyo, mbona hurudi?"

Maghorofa ndiyo hayo hayo. Waliipigia Chanteloup-les-Vignes, nje ya Paris, na mtaa ninaokaa mimi ni pacha wake. Wale vijana watatu, Vinz Myahudi, Hubert mweusi na Saïd Mwarabu, kila ngazi ya jengo letu wamo. Wala kisa hakikuokotwa hewani. Aprili 1993 Makomé M'Bowolé, kijana wa miaka 17 mwenye asili ya Zaire, alipigwa risasi na askari aliyekuwa akimhoji, ndani ya kituo cha polisi hapo Paris. Akafa. Ndicho kilichomsukuma Kassovitz kuandika.

Ila kuna kitu najua kimekupita, maana hujui Kifaransa. Saïd anamuuliza askari njia, anajibiwa vizuri, kisha anabaki kaduwaa. Kisa nini? Kaambiwa "vous". Wafaransa wana "tu" ya mtoto, ya rafiki, au ya mtu usiyemhesabu, na "vous" ya kumpa mtu heshima yake. Watu hucheka hapo. Mimi siku hizi sicheki.

Mwezi wa tatu nilikuwa na binamu yako kituo cha treni. Askari wakatusimamisha. Mimi nikaambiwa "madame" na "vous", vizuri kabisa. Askari yule yule akamgeukia mwanangu: "tu". Mtoto kazaliwa hapa, ana miaka 17. Kitambulisho alikuwa ameshakitoa kabla hajaombwa, kakishika kwa vidole viwili mbele ya kifua ili mikono yote ionekane. Sikuwahi kumfundisha hivyo. Walipotuachia akaniambia tu, "Mama twende, tutachelewa."

Na umekumbuka polisi waliovaa kiraia walipowavamia wale vijana kule Paris? Saïd na Hubert ndio waliokamatwa, Vinz akachomoka. Mwarabu na mweusi ndani, mweupe nje: hapo filamu haikuhitaji hotuba.

Kasoro yake ni wanawake. Mama yake Hubert anaonekana na cherehani yake (nilimkumbuka bibi yako), anapewa hela, basi. Njoo upande treni ya saa kumi na moja na nusu alfajiri: Wakomoro, Wamali, Wakongo, Wareno, wote kina mama tunaenda kufagia ofisi kabla wenyewe hawajafika. Mtaa ule ungekufa njaa bila sisi, na filamu nzima hatumo.

Kurudi, bado. Binamu yako ana mtihani mwakani, na mshahara huu, pamoja na mgongo unavyouma, ndio unaolipa ada yako. Ya muhula huu nimetuma jana, angalia simu. Habari za viza usiniletee kabla hujamaliza VETA.