Uigaji wa PhET bila intaneti

Mwalimu, umeuliza kama PhET, yaani mkusanyiko wa majaribio ya sayansi yanayoigwa kwenye kompyuta, inahitaji intaneti darasani. Hapana, haihitaji. Pakua faili la uigaji mara moja ukiwa mjini Mbeya au popote penye mtandao mzuri, liweke kwenye flashi, kisha lifungue kwa kivinjari cha kawaida kama Chrome au Firefox. Ni bure kabisa. Inatengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, na mwanzilishi wake mwaka 2002 ni Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia.

Nafundisha fizikia huku Rungwe, na saketi za umeme nimezionyesha hivyo kwa laptopu moja na projekta. Wanafunzi wanaona elektroni zikitembea kwenye waya, kitu ambacho betri na balbu haviwezi kuwaonyesha. Lakini betri na balbu nazo usiziache, mkono lazima ushike. Na kabla hujabonyeza swichi waache wabashiri kitakachotokea, hapo ndipo mjadala unapowaka.

Angalizo: chagua faili za HTML5, yaani zile zinazofunguka moja kwa moja kwenye kivinjari. Zile za zamani za Java, zinazohitaji programu ya ziada, zitakusumbua, kompyuta nyingi za shule hazizifungui.