Kumpeleka mama Vaishno Devi akiwa na magoti mabovu

Ndugu, umeuliza kama mama wa miaka 67 mwenye magoti mabovu anaweza kufika Vaishno Devi, hekalu la Kihindu la mlimani huko Jammu, India. Anaweza, ila msimwache apande yote kwa miguu.

Kutoka Katra, mji ulio chini ya mlima, hadi hekaluni ni kama kilomita 13 za mlima. Kwanza jiandikisheni Katra mkiwa na pasipoti. Kadi mnayopewa ni bure, na bila kadi mnarudishwa mkifika kituo cha ukaguzi cha Banganga. Kuna helikopta hadi Sanjichhat, ikibaki kilomita 2.5 hivi, lakini mawingu yakishuka hairuki. Kwa hiyo msipange treni ya kurudi siku hiyohiyo. Farasi wanamtikisa mwenye magoti. Machela ya wabebaji wanne ni bora, na bei mkubaliane kwa viwango rasmi kabla hajakaa. Pango la Adhkuwari, lililo njiani, lirukeni: ni jembamba, watu hutambaa, na foleni yake ni ya saa nyingi.

Mkanda wa ngozi, pochi, simu, vyote vinabaki kwenye makabati. Wengi husahau kuvua mkanda, wakatolewa kwenye foleni. Ndani msitafute sanamu: mungu wa kike yupo katika mawe matatu ya asili, Mahakali, Mahalakshmi na Mahasaraswati, na mnapita mbele yake kwa sekunde chache tu. Mwambieni mama mapema, asije akapita akitazama juu.

Kwenda hekalu la Bhairon, kilomita 1.5 zaidi, pandeni gari la kebo. Epukeni Navaratri, sikukuu ya Kihindu ya usiku tisa. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti, kwa hiyo fimbo isikosekane.