Kejeli Nayo Ina Mwenye Nyumba

SWALI: Mwalimu, nimeacha kusoma magazeti kwa sababu kila chombo cha habari kina tajiri wake nyuma. Mambo ya jamii, kama vile ajira, ubaguzi na haki za wanawake, siku hizi nayafuata kupitia katuni na vipindi vya kejeli, maana mchekeshaji hana wa kumwogopa. Sasa kuna mtu mtandaoni anauza mchoro unaoonyesha nani anamiliki chombo gani. Nikiwa nao, nitaweza kujua habari ipi ni ya kweli?

JIBU: Usiununue. Kumjua mmiliki kunakuonyesha mahali pa kutazama kwa makini, basi. Chombo cha tajiri kinaweza kutoa habari ya kweli tupu, na mtu asiye na bosi akazusha mchana kweupe.

Kilichonishtua katika barua yako ni yale maneno kwamba mchekeshaji hana wa kumwogopa. Nayasikia kila muhula, tena kutoka kwa vijana werevu kabisa, na bado yananiuma. Kipindi cha kejeli kina waandishi wanaolipwa mshahara, kina studio, kina mwanasheria anayekagua mzaha kabla haujarushwa, kina saa yake ya kwenda hewani. Vyote hivyo viko mkononi mwa mwenye chombo.

Tazama yaliyotokea Ufaransa. Les Guignols de l'info, kipindi cha vikaragosi kilichoanza mwaka 1988 kwenye kituo cha televisheni cha Canal+, kiliwachezea shere marais na matajiri kwa miaka mingi. Mwaka 2015 Vincent Bolloré, bwana mkubwa wa kampuni ya Vivendi iliyomiliki Canal+, alipoingia kusimamia mambo mwenyewe, waandishi wakuu wa kipindi waliondolewa. Kisha kikahamishiwa kwa wale wanaolipia tu. Watazamaji wakapungua, na mwaka 2018 kikazimwa. Hakuna siku kilipopigwa marufuku, na ndiyo maana wengi hawakuona cha kulalamikia.

Au Marekani, Januari 2025. Mchoraji wa katuni Ann Telnaes alijiuzulu gazeti la Washington Post baada ya katuni yake kukataliwa. Ilionyesha matajiri, akiwemo Jeff Bezos anayelimiliki gazeti hilo tangu 2013, wakimpigia magoti Donald Trump. Mhariri alieleza kwamba aliikataa kwa kuwa makala kuhusu jambo hilo hilo ilikuwa imeshatoka. Huenda ndivyo. Lakini Telnaes alisema katika miaka yake yote pale hajawahi kuzuiwa kwa sababu ya mtu aliyemlenga. Mwaka huo huo akapata Tuzo ya Pulitzer.

Hizo ni kesi zilizojulikana. Nyingi hazijulikani kamwe, nami nilikaa kwenye dawati la maoni la gazeti muda wa kutosha kuziona. Sikumbuki mmiliki akipiga simu hata mara moja. Mchoraji wetu alikuwa akiniletea rasimu tatu kila jioni. Siku moja nikamuuliza mbona hagusi kabisa habari ya wafanyakazi walioachishwa kazi, iliyokuwa gumzo kila mahali. Akaniambia alishaichora, akaichana mwenyewe njiani, kwa sababu kampuni iliyowaachisha ilikuwa ikitupa tangazo la ukurasa mzima kila wiki. Hakuna aliyemwagiza. Nami, niseme ukweli, sikumwambia airudie.

Hapo ndipo mjadala wa jamii unapopindishwa. Mwanasiasa atachekwa tumbo lake, lafudhi yake na safari zake, nasi tutadhani tumeona ujasiri. Mshahara usiotosha, mkataba mbovu, dawa isiyopatikana hospitalini, hayo hayana sura ya kuchora. Na wakati mwingine yana sura, ila ni ya mtu anayelipia matangazo.

Lipo jingine ambalo wauza njia za mkato hawakwambii. Kejeli humwachia msikilizaji kazi ya kumalizia maana, naye huimalizia kwa imani aliyokuja nayo. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichunguza watazamaji wa All in the Family, mchezo wa televisheni wa Marekani ulioukejeli ubaguzi kupitia baba mmoja mbaguzi, Archie Bunker. Wenye chuki zaidi ndio walioelekea kumpenda Archie. Utafiti wa 2009 kuhusu Stephen Colbert, mchekeshaji wa Marekani aliyeigiza mtangazaji wa mrengo wa kulia, ulikuta kitu kama hicho: wahafidhina walielekea zaidi kuamini kwamba anajifanya tu anatania, na moyoni anamaanisha anachosema. Wahafidhina na wapinzani wao walimwona anachekesha sawasawa. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kucheka kwa pamoja huku kila mmoja akiondoka na ubaguzi wake, au chuki yake dhidi ya ubaguzi, vikiwa vimenenepa.

Na hiyo ni kwa kipindi kizima. Sasa chukua kipande cha sekunde 40 kilichokatwa, kikaandikwa juu yake "ukweli wasiotaka uujue", kikasambazwa na mtu anayelipwa kwa idadi ya watazamaji. Huyo naye ana mwenye nyumba, yaani jukwaa linaloamua nani aonekane na nani afichwe. Wanaokufundisha kumtambua mwongo kwa hatua tatu wanakunyang'anya subira, na bila subira kazi hii haifanyiki.

Badala ya mchoro, nunua daftari. Kwa mwezi mmoja andika kila anayechekwa katika vipindi unavyovipenda, na amechekwa kwa lipi: mwili wake au uamuzi wake. Ukurasa wa pili andika matangazo yote yanayokatiza kipindi. Ukurasa wa tatu, mambo makubwa ya mwezi huo uliyoyasikia kwingine na hapo hayakuguswa. Huo wa tatu utakuchosha kuliko yote, kwa sababu itabidi urudi kwenye yale magazeti uliyoyaacha, tena zaidi ya moja, yenye wamiliki tofauti. Ukifika katikati ukakwama, niandikie tena.