Neno Refu la Kisayansi Lianzie Mwishoni

Wanaosoma sayansi kwa Kiingereza huniuliza mara kwa mara namna ya kutamka maneno marefu, nami huwashauri waanze na mwisho wa neno, kwa sababu mara nyingi kiambishi tamati ndicho kinachoamua mahali pa mkazo.

Sisi tuliozoea Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiri, na mazoea hayo yanatufaa sana katika maneno yanayoishia kwa -ic na -tion, kama sci-en-TIF-ic na e-vap-o-RA-tion, ambamo herufi kubwa zinaonyesha mkazo. Taabu huanza kwenye -logy, -graphy na -ity, ambavyo huutaka mkazo katika silabi ya tatu kutoka mwisho: bi-OL-o-gy, e-lec-TRIC-i-ty. Ndiyo maana mzizi mmoja hubadili mkazo kila unapobadilishiwa kiambishi, tukapata PHO-to-graph, pho-TOG-ra-phy na pho-to-GRAPH-ic. Wakaidi hawakosekani, arithmetic likiwa nomino hutamkwa a-RITH-me-tic, kinyume na kanuni ya -ic.

Silabi zihesabiwe kwa sikio, kwani idadi ya herufi za irabu hupotosha. Tion ni silabi moja japo ina irabu mbili, ilhali katika nucleic irabu e na i hutengana: nu-CLE-ic. Ukishaupata mkazo, rudi nyuma kipande kwa kipande, na hata electroencephalography litakubali kugawanyika katika silabi tisa: e-lec-tro-en-ceph-a-LOG-ra-phy.

Jambo ambalo wengi hulipuuza, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, ni kwamba irabu isiyo na mkazo katika Kiingereza aghalabu hufifia. Katika photograph, o ya kwanza husikika wazi. Katika photography hufifia, na o ya pili ndiyo inayosikika. Anayezitamka irabu zote kwa nguvu sawa, kama tufanyavyo katika Kiswahili, huenda asieleweke hata akiwa amezigawa silabi vizuri.

Kamusi isomwe kwa uangalifu. Katika kamusi nyingi, vitone ndani ya kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa, huonyesha mahali neno linapoweza kukatwa mwishoni mwa mstari, na si lazima vilingane na silabi za matamshi. Mkazo utafutwe kwenye unukuzi wa kifonetiki, yaani maandishi yanayoonyesha matamshi ya neno, ambako alama ˈ hutangulia silabi yenye mkazo mkuu na alama ˌ hutangulia yenye mkazo mdogo.