Mashine za kubangua korosho au gari la mizigo: nitumie hesabu ipi?

SWALI: Ndugu mshauri, ninaishi Masasi na nina akiba ya shilingi milioni 40. Nikinunua mashine za kubangua korosho, natarajia kubaki na milioni 13 kila mwaka kwa miaka 6, baada ya kutoa gharama za uendeshaji. Nikinunua gari la mizigo lililotumika, natarajia milioni 22 mwaka wa kwanza, 18 wa pili na 14 wa tatu, kisha niliuze kwa milioni 6. Benki hunikopesha kwa riba ya asilimia 18. Mmoja ameniambia niangalie mtaji utarudi lini, mwingine thamani halisi ya sasa, na wa tatu kiwango cha ndani cha faida. Nimfuate nani?

JIBU: Ndugu msomaji, nimezifanya hesabu zote tatu kwa tarakimu zako, na ni kweli kwamba hazikubaliani. Kwa kipimo cha kurejesha mtaji, gari linarudisha fedha zako katika miaka 2, ilhali mashine zinahitaji miaka 3 na ushei. Kipimo hiki kinafaa kupima hatari tu, kwa kuwa hakijali fedha zinazoingia baada ya mtaji kurudi, na kinaihesabu shilingi ya mwaka wa pili sawasawa na shilingi ya leo.

Thamani halisi ya sasa hurekebisha kasoro zote mbili. Fedha za mwaka wa kwanza hugawanywa kwa 1.18 (yaani 1 pamoja na riba ya asilimia 18), za mwaka wa pili kwa 1.18 mara 1.18, na kuendelea hivyo, kisha jumla yake hutolewa mtaji wa mwanzo. Kwa asilimia 18, mashine zinabakiza takriban milioni 5.5 na gari milioni 3.7. Hata hivyo, kiwango cha ndani cha faida, yaani asilimia ambayo ukiitumia badala ya 18 thamani halisi ya sasa inakuwa sifuri, ni karibu asilimia 24 kwa gari na 23 kwa mashine, kwa sababu asilimia haisemi ni shilingi ngapi zimepatikana wala zimepatikana kwa muda gani.

Ugomvi huu unatokana na muda: unalinganisha mradi wa miaka 6 na wa miaka 3. Katika hali hiyo, igawe thamani halisi ya kila mradi kwa jumla ya vigawo vya punguzo vya miaka yake (1 ikigawanywa kwa 1.18 kwa mwaka wa kwanza, kwa 1.18 mara 1.18 kwa wa pili, na kuendelea hivyo), yaani 3.498 kwa mashine na 2.174 kwa gari, ili upate faida ya wastani kwa mwaka. Mashine zinatoa takriban milioni 1.56 na gari milioni 1.72. Gari basi linatangulia kidogo, kwa sharti kwamba baada ya miaka 3 utapata jingine kwa bei ileile na kazi ileile. Sharti hilo si dogo, maana kipato cha gari cha kila mwaka kikiwa chini ya makadirio yako kwa zaidi kidogo ya asilimia 9, thamani yake halisi inakwisha yote.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni kitu ambacho hukukitaja. Korosho ghafi huuzwa kwa minada ya vyama vya ushirika kupitia stakabadhi ghalani, kwa miezi michache tu kuanzia takriban Oktoba. Mbanguaji anayetaka kufanya kazi mwaka mzima hana budi kununua na kuhifadhi mzigo wakati huo. Tuseme mwanzoni unahitaji milioni 15 tu za ziada za kununulia korosho, na utazipata zote mwishoni mwa mwaka wa 6. Thamani ya sasa ya milioni hizo zinazorudi ni takriban 5.6, hivyo mradi unapoteza milioni 9.4 kwa kufungiwa fedha hizo. Ile milioni 5.5 inageuka hasara ya karibu milioni 4, na hakuna kanuni ambayo ingekuonya kuhusu fedha zisizoandikwa.

Kwa hiyo amua kwa thamani halisi ya sasa, ukitumia mgawanyo wa kila mwaka pale muda unapotofautiana. Usitoe riba ya mkopo katika mapato ya mwaka ikiwa umeshapunguza kwa asilimia 18, kwani utaihesabu mara mbili. Uchakavu wa mashine nao usiutoe, kwa kuwa si fedha inayotoka mfukoni, ingawa huathiri kodi utakayolipa. Asilimia 18 yenyewe nimeitumia kwa sababu ndiyo bei pekee ya fedha uliyonitajia, yaani riba ya benki. Kama hukopi kabisa, weka faida ambayo akiba yako ingeipata kwingine kwenye hatari inayofanana, na majibu yatabadilika.

Ikiwa mpango wako ni kubangua korosho za watu wengine kwa malipo, bila kununua mzigo wako mwenyewe, zile milioni 15 hazihitajiki. Hapo nakuomba ukague upya milioni 13 ulizozikadiria, kwa sababu malipo ya kubangulia watu na faida ya kuuza korosho zilizobanguliwa ni vyanzo viwili tofauti.