Baba anataka niwe daktari, mimi nataka ufundi wa injini: je, navunja radhi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nimemaliza kidato cha sita hapa Tanga, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), na matokeo yangu yanatosha kuomba udaktari. Baba anataka niende huko na ameshaanza kutafuta mteja wa kiwanja chake ili apate ada. Mimi tangu kidato cha pili likizo zangu zote nashinda kwa fundi wa injini za boti, na kazi hiyo ndiyo ninayoiweza na kuipenda. Nilipomwambia baba alikasirika, na mama kasema nikikataa hanipi radhi zake. Je, nikienda chuo cha ufundi stadi cha VETA nitakuwa nimewaasi wazazi wangu?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Mwanangu, kuchagua kazi ya halali ambayo wazazi hawakukuchagulia hakukufanyi kuwa muasi. Ila unaweza kuwaasi kwa namna utakavyoifuata kazi hiyo, na hapo ndipo ninapokuhofia.

Kwanza mtendee baba yako haki. Anachokutakia ni kitu kikubwa katika dini. Mwanachuoni mkubwa Imamu Ghazali ameuhesabu utabibu kuwa ni fardhi kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima ambao baadhi wakiutimiza wengine huondokewa nao, na akalalamika kwamba miji mingi ya zama zake haikuwa na tabibu Muislamu. Lakini Ghazali huyo huyo ameziweka kazi za mikono, kama kilimo, ufumaji na ushoni, katika fardhi kifaya hiyo hiyo, kwa sababu watu hawaishi bila hizo. Mvuvi ambaye injini imemzimikia nje ya mwamba naye anamhitaji mtu.

Wala usione haya kwa mikono yenye grisi. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba hakuna aliyekula chakula bora kuliko anachokula kutokana na kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daudi alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Soma Surat Sabaa, aya ya 10 na 11: Mwenyezi Mungu anamlainishia Daudi chuma, kisha anamwamrisha atengeneze deraya, yaani mavazi ya chuma ya vita, na apime sawasawa katika kuunganisha pete zake. Mfalme na Nabii anaelekezwa na Mola wake apime vizuri kazi ya chuma! Mimi kila nikifika hapo hustaajabu.

Sasa hukumu. Mtume (s.a.w.) amesema utii ni katika mema. Wanachuoni wakaeleza kuwa mzazi hutiiwa katika jambo lenye manufaa kwake na lisilomdhuru mtoto. Mwanachuoni Ibn Taymiyya aliulizwa kuhusu mzazi anayemlazimisha mwanawe kuoa asiyemtaka, akajibu kuwa mtoto akikataa hawi muasi. Kwani ikiwa hakuna awezaye kumlazimisha mtu kula chakula anachokichukia ilhali kipo anachokipenda, ndoa ni zaidi, maana uchungu wake hudumu. Na kazi ya miaka thelathini au arubaini nayo hudumu.

Mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, amezungumza moja kwa moja juu ya suala lako. Anamtaka mzazi atazame mwanawe ameandaliwa kwa kazi gani, asimsukume kwenye nyingine maadamu ile imeruhusiwa na sheria. Akimsukuma, mtoto hatafaulu kule alikopelekwa na litampita lile aliloandaliwa. Hata ufundi ameutaja: ukiona jicho la mtoto limefunguka kwenye ufundi wenye manufaa kwa watu, mwachie ajifunze, baada ya kumfundisha anachokihitaji katika dini yake. Wazazi wanaosoma jibu hili walisome neno hilo mara mbili.

Radhi za mama ni jambo zito, na hadithi inasema radhi za Mola zimo katika radhi za mzazi. Lakini radhi hizo hazivunjwi na kijana aliyechagua halali kwa adabu. Na mama naye akumbuke kuwa Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Jabir iliyopokewa na Muslim, ametukataza kuwaapiza watoto wetu, isije apizo likaangukia saa ya kujibiwa dua.

Wewe una wajibu wako. Surat Al-Israa inakukataza hata kuwaambia "ah". Usinyanyue sauti, usinune mezani, usimtume mdogo wako akawaambie uamuzi wako. Jiulize kwa ukweli: unaupenda ufundi, au unayakimbia masomo magumu ya udaktari? Likizo zote hizo gereji zinanifanya nikuamini, lakini anayejua hasa ni wewe. Swali istikhara, swala ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye kheri, kisha mwombe baba, kwa upole, aje siku moja akuone ukifungua injini na kuirudisha ikawaka. Huenda hajawahi kukuona kazini. Akikataa, mtafute mtu anayemheshimu, ami yako au imamu wa msikiti wenu, aende akazungumze naye bila wewe kuwepo.

Jambo la fedha nalo liwe wazi. Wewe ni mwanamume uliyebaleghe, mwenye afya na uwezo wa kuchuma. Katika madhehebu yetu ya Shafi huna haki ya kumlazimisha baba akugharimie njia uliyoichagua mwenyewe. Akikupa, mshukuru. Asipokupa, anza kwa fundi wako, weka akiba ya ada, na usimhesabie kuwa amekudhulumu.

Na kiwanja hicho: kama umeshaamua, usimwache baba akiuze huku umenyamaza. Mwambie wiki hii, kabla hajapokea hela ya mtu.

Wallahu aalam.