Makro ya Terminali Isubiri Jibu Kabla ya Kutuma Amri

Kwa miaka 6 nimekuwa nikitunza swichi na ruta, vifaa vinavyounganisha kompyuta kwenye mtandao, za kampuni yenye matawi 14 ndani ya Dar es Salaam, kuanzia Tegeta na Mbezi hadi Mbagala na Kigamboni. Anayeijua foleni ya jiji hili ataelewa kwa nini fundi wa mtandao hawezi kwenda tawini kila anapotaka kunakili mipangilio ya kifaa, na kwa nini programu ya terminali, ile inayofungua dirisha jeusi la kuandikia amri, ndiyo chombo ninachokitumia kuliko vingine vyote. Wengi wetu huandika amri moja moja, tukasoma majibu, basi. Makro, yaani orodha ya amri ambazo programu huzituma yenyewe moja baada ya nyingine, na njia za kuhamisha faili zilizomo katika programu hizo hizo tunaziacha, au tunazitumia kwa pupa, na pupa hiyo ina madhara makubwa kuliko kutozitumia kabisa.

Makro yangu ya kwanza ilikuwa fupi. Iliunganisha kifaa, ikakaa sekunde 3, ikatuma jina la mtumiaji, ikakaa sekunde 2, ikatuma nywila, kisha ikatuma amri ya kuonyesha mipangilio na kuhifadhi matokeo katika faili. Nilipoijaribu ofisini Posta, kwa swichi iliyo ghorofa ya chini, ilifanya kazi bila kasoro wiki nzima. Siku niliyoielekeza kwenye matawi yote mvua ilikuwa kubwa na laini ya tawi moja ilikuwa ikisuasua. Kifaa cha huko kilichelewa, jina la mtumiaji likapotea kabla hakijawa tayari kulipokea, na kilipouliza jina makro ilikuwa imeshafika kwenye nywila, ikaituma hapo. Kifaa kikakataa, kikaandika kwenye seva ya kumbukumbu, kama kilivyopangwa kufanya, kwamba mtumiaji wa jina hilo, yaani nywila yenyewe, ameshindwa kuingia. Nywila ya idara nzima ikawa imekaa pale kwa maandishi ya wazi, mbele ya kila mwenye ruhusa ya kusoma kumbukumbu hizo. Usiku ule tulibadilisha nywila ya vifaa vyote, kimoja baada ya kingine.

Mzee wetu wa idara hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mashine ilikujibu, au wewe uliendelea kuongea?"

"Niliendelea kuongea, mzee," nikamjibu.

Swali hilo ndilo ninalokusihi ulipeleke kwenye kila mstari wa makro yako. Muda wa kukaa hauwezi kuchukua nafasi ya jibu, kwa kuwa sekunde 3 zinazotosha leo hazitatosha siku laini itakapolemewa. Katika Tera Term, programu ya terminali ambayo ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, amri ya `wait` huisimamisha makro hadi maneno uliyoyataja yatokee kwenye skrini, ndipo `sendln` itume mstari unaofuata. Kigezo cha `timeout` huweka ukomo wa kungoja, na baada ya `wait` kigezo cha `result` hubeba 0 ikiwa muda umeisha bila jibu. Sifuri hiyo watu wengi hawaiangalii, na asiyeiangalia amerudi pale pale nilipokuwa mimi, kwa sababu makro itaendelea na mstari unaofuata kana kwamba imejibiwa. Baada ya kila `wait` ninaweka sharti: ikiwa ni 0, andika jina la tawi kwenye faili ya makosa, funga muunganisho, nenda tawi linalofuata. SecureCRT, programu nyingine ya terminali, ina `WaitForString` kwa kazi hiyo hiyo, na kwenye Linux kuna `expect` ya Don Libes, iliyotungwa mahsusi kwa mazungumzo ya namna hii.

Chagua pia kwa uangalifu maneno ya kusubiri. Nilianza kwa kusubiri alama ya `#` peke yake, kwa kuwa ndiyo inayomalizia mstari wa kungojea amri, lakini tangazo la onyo linalotokea kabla ya kuingia lilikuwa limepambwa kwa alama hizo hizo, makro ikadhani imeshaingia. Sasa ninasubiri jina lote la kifaa, kwa mfano `TEGETA-SW1#`, maneno ambayo hayawezi kujitokeza kwa bahati mahali pengine. Jambo jingine ni kifaa kinachoonyesha ukurasa mmoja na kuandika `--More--` chini yake kikingoja ubonyeze kitufe. Makro nayo inangoja, na kila mmoja anamsubiri mwenzake. Kwenye vifaa vya Cisco, `terminal length 0` ikitumwa mwanzoni huondoa tatizo hilo.

Nywila isiandikwe ndani ya makro. Tera Term ina `getpassword`, inayoitunza katika faili ya pembeni, lakini kwa seva na vifaa vinavyokubali, tumia ufunguo wa SSH, njia ya kuingia kwenye kifaa cha mbali huku mazungumzo yakifichwa, uliotengenezwa kwa `ssh-keygen -t ed25519`. Tatu Ylönen alibuni SSH huko Finland mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake, na telnet, njia ya zamani inayozipeleka bila kuzificha, bado ninaikuta imewashwa katika vifaa vya hapa mjini.

Kuhusu faili, somo langu nililipata Mbagala. Umeme ulikatika swichi ikiwa katikati ya kusasishwa, na ulipowaka tena swichi haikuwa na mfumo endeshi. Mtandao haukuwepo, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa tundu la konsoli, linalounganishwa moja kwa moja na kompyuta kwa kebo, kebo ya USB niliyoinunua Kariakoo, na XMODEM, itifaki ya kuhamisha faili ambayo Ward Christensen aliiandika mwaka 1977. Konsoli ilikuwa kwenye kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Kila baiti husafiri kwa biti 10, ukihesabu biti ya kuanzia na ya kumalizia, hivyo zinapita baiti 960 kwa sekunde, na faili ya megabaiti 16 ingechukua karibu masaa matano. Nilipandisha kasi hadi 115200 pande zote mbili, kwenye swichi kwanza na kwenye programu ya terminali baadaye, na hesabu ikashuka hadi takriban dakika 25, mbali na muda wa kujibizana.

Kujibizana huko kunastahili kutazamwa. XMODEM hutuma furushi la baiti 128 pamoja na namba ya uhakiki, kisha hunyamaza hadi mpokeaji aseme limefika salama. Likiwa limeharibika, linatumwa upya. Hata hivyo furushi la mwisho likipungua, hujazwa hadi litimie 128, kwa hiyo faili ya baiti 1,000 huweza kufika ikiwa na baiti 1,024. Ukilinganisha namba ya `sha256sum`, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili, ya pande mbili utaona tofauti na kudhani faili imeharibika. ZMODEM, iliyotoka mwaka 1986, hutuma ukubwa halisi wa faili, na uhamishaji ukikatika huweza kuendelea ulipoishia. Ukiandika `rz` kwenye seva yenye chombo hicho, baadhi ya programu za terminali huanza zenyewe hatua ya kupeleka faili, ila usifanye hivyo ukiwa ndani ya `tmux`, programu ya kuendesha madirisha kadhaa katika terminali moja, kwani hukwama.

Mtandao ukiwepo, ninatumia `sftp`, chombo cha kuhamisha faili kupitia SSH, ambacho kwa amri ya `reput` hupeleka kipande kilichobaki tu, au `rsync`, ambayo hulinganisha na kutuma sehemu zilizobadilika. Kwa tawi linalotegemea bando la simu, tofauti hiyo inaonekana kwenye salio. `scp`, amri nyingine ya kunakili faili kupitia SSH, imebadilika tangu OpenSSH 9.0 ya mwaka 2022 na kwa kawaida hupita ndani ya itifaki ya SFTP, hivyo kifaa cha zamani kikiikataa, ongeza `-O`. Na popote programu inapokupa uchaguzi wa kuhamisha faili kama maandishi, usiuguse kwa faili ya mfumo endeshi, kwa kuwa hali hiyo hubadilisha alama za mwisho wa mistari na kukuachia faili isiyofaa kitu.

Siku hizi makro yangu huanza saa nane usiku. Asubuhi sifungui kwanza zile faili 14 za mipangilio; ninafungua faili ya makosa, kisha ninaangalia ukubwa wa kila nakala, kwa sababu nakala iliyokatika katikati bado ina jina sahihi na tarehe sahihi. Wiki iliyopita ya Kigamboni ilikuwa na baiti 212 tu. Kifaa kilikuwa kimejibu, makro ikaingia, kisha laini ikakatika kabla mipangilio haijaisha. Tangu siku hiyo nimeongeza `wait` moja mwishoni, ya neno `end` linalofunga mipangilio, na lisipoonekana nakala haihesabiki.